Papadopoulos ni mtoto wa padre, Onesmo ni mtu wa faida: uzi wa majina ya Wagiriki

Baharia wa Pongwe (mwanzisha uzi)

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nina mwaka wa tisa baharini, na mingi kati ya hiyo imeishia kwenye meli za Wagiriki. Siku ya kwanza nilipopanda, nahodha alifungua kitabu changu cha ubaharia, akasoma jina, akainua nyusi. "Onisimos!" Nikamsahihisha: Onesmo. Akacheka, akaniambia jina hilo ni la kwao, maana yake mtu mwenye faida. "Haya, tutaiona hiyo faida," akasema, nikakabidhiwa brashi ya chuma na sitaha nzima ya kukwangua kutu.

Usiku nikafungua Biblia. Kumbe Paulo alishautumia utani uleule. Onesmo wa kwenye waraka wa Filemoni alikuwa mtumwa, na Paulo anamwandikia bwana wake kwamba huyu zamani hakukufaa kitu, sasa anatufaa wewe na mimi. Mstari ule nimeusikia tangu shule ya Jumapili, sikuwahi kujua kuwa mzee Paulo alikuwa anachezea jina la mtu.

Tangu hapo nikawa mdadisi. Kila Mgiriki niliyeshika naye zamu nilimuuliza jina lake lina maana gani na la ukoo limetoka wapi. Wanapenda. Mgiriki ukimuuliza mshahara wake atakununia, ukimuuliza jina lake atakupikia kahawa. Tukifika bandarini nikapata intaneti, nahakiki niliyoambiwa, maana mabaharia nao kwa chumvi hawajambo. Yaliyobaki baada ya kuchujwa ndiyo haya.

Majina yao ya kale mengi ni maneno mawili yaliyobanwa pamoja. Theos ni Mungu, doron ni zawadi: Theodoros. Geuza vipande unapata Dorothea, maana ileile. Philos ni mwenye kupenda, hippos ni farasi: Philippos, mpenda farasi. Nike ni ushindi, laos ni watu: Nikolaos. Toa laos uweke demos, ambalo nalo ni watu, na unampata Nikodemo aliyemwendea Yesu usiku. Alexandros ni mlinzi wa watu. Kleos ni sifa, ndiyo maana wakubwa wa Athens walijazana huko: Perikles, Themistokles, Sophokles. Kratos ni nguvu, imo kwenye Sokrates na Hippokrates. Ukishika maneno kama ishirini ya namna hii, majina mengi yanafunguka yenyewe.

Mengine ni neno moja tu. Petros ni jiwe, Stephanos ni taji, Irene ni amani, Sophia ni hekima, Zoe ni uhai. Georgios ni mkulima: ge ni ardhi, ergon ni kazi. Hilo nawapelekea akina Joji wote wa mjini wanaolikimbia jembe.

Naitwa zamu. Nikirudi ni majina ya ukoo.

Mkao wa Kula

Nimeweka kigoda. Shusha nondo.

Mama Vero wa Moshi

Mwanangu baharia, binti yangu ni Veronika. Tuliambiwa kanisani ni "sura ya kweli", kwa ajili ya kile kitambaa cha kwenye Njia ya Msalaba. Wagiriki wako wanasemaje?

Baharia wa Pongwe

Shikamoo mama. Hiyo ya sura ya kweli ilikuja baadaye, watu waliposikia ndani ya jina neno la Kilatini vera, yaani kweli, wakaunganisha na ikoni. Jina lenyewe ni la Makedonia, Berenike. Wagiriki wengine walisema Pherenike: mleta ushindi. Malkia kadhaa wa Misri enzi za akina Ptolemaios walikuwa nalo, na yule Bernike wa kwenye Matendo ya Mitume ni jina hilohilo. Nike ya humo ndani ndiyo ileile ya kwenye viatu. Na wale akina Eunice waliojaa Kenya wanayo pia: eu ni njema, nike ni ushindi.

Gunner_Temeke

Mkuu, sisi wa Arsenal tulikuwa na beki, jezi imeandikwa Sokratis. Jina la ukoo sikuwahi kuweza kulitamka hadi anaondoka.

Baharia wa Pongwe

Papastathopoulos. Vuta pumzi, tulikate. Papa ni padre. Stathis ni kifupi cha Eustathios. Opoulos ni mtoto wa. Kwa hiyo: mtoto wa Padre Stathis. Ni kama kwenu Temeke mtu aitwe Mtoto-wa-Shehe-Juma halafu waandike yote mgongoni.

Huo mkia wa -opoulos asili yake ni neno la Kilatini pullus, kifaranga. Nyumbani kwake hasa ni Peloponnese, kusini. Na jina la ukoo lililoenea kuliko yote Ugiriki ni Papadopoulos, mtoto wa padre bila hata kutaja padre yupi.

Gunner_Temeke

Ngoja kwanza. Padre ana mtoto? Na wanalitangaza kwenye kitambulisho?

Mtumishi wa Riruta

Tulia ndugu yangu. Mimi ni Morthodoksi hapa Nairobi. Kwetu mwanaume akitaka kuoa huoa kwanza, ndipo apewe daraja la upadre. Wasiooa ni wamonaki, na maaskofu huchaguliwa kutoka kwao. Mtoto wa padre ni mtoto wa nyumbani kama wengine, hana cha kuficha. Na fikiria kijiji cha zamani: akina Nikolaos wako kumi na wawili lakini padre ni mmoja. Ukisema "yule wa padre" kila mtu anajua nyumba.

Seminari yetu hapa Riruta ina jina la Askofu Mkuu Makarios III, aliyekuwa pia rais wa Saiprasi, ambaye alikuja Kenya 1971 akabatiza watu kwa maelfu. Makarios ni neno lile linaloanzia hotuba ya mlimani. Tunaposoma "Heri walio maskini wa roho", Kigiriki kinasema makarioi. Kwa hiyo yule mzee kwa Kiswahili alikuwa Heri.

Baharia wa Pongwe

Riruta umeniokoa, asante. Niongeze kwenye akina papa. Papandreou ni "wa Padre Andreas". Papanikolaou ni "wa Padre Nikolaos", na hapa kina mama msikilize: kile kipimo cha mlango wa kizazi mnachoambiwa kliniki, "pap", ni kipande cha jina la daktari Georgios Papanikolaou, aliyezaliwa Kymi, kisiwa cha Euboea, 1883, akafanyia kazi yake Marekani. Yaani kipimo kinaitwa "padre". Kila nikikumbuka nacheka peke yangu.

Na siyo padre tu, kanisa zima limo kwenye majina yao. Anagnostis ni msomaji wa masomo kanisani. Baba yake Spiro Agnew, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani chini ya Nixon, alizaliwa Anagnostopoulos, akakatakata mpaka ikabaki Agnew. Sakellarios alikuwa mtunza hazina wa kanisa, na Katerina Sakellaropoulou akawa rais wa nchi 2020. Maria Callas, yule mwimbaji wa opera, jina lake halisi ni Kalogeropoulou. Kalogeros ni mtawa wa kiume.

Gunner_Temeke

Mtoto wa MTAWA. Riruta, hapo unasemaje?

Mtumishi wa Riruta

Naitwa mezani, tutaonana kesho.

Sharifa wa Mji Mkongwe

Asalaam aleikum. Nimefuata uzi kimyakimya, lakini kuna jina linanisumbua. Kuna Wagiriki wanaanza na Hatzi, na wengine Chatzi au Hadji. Nimeona Hadjidakis, yule mtunzi wa muziki. Msiniambie ni kile ninachofikiri.

Baharia wa Pongwe

Waaleikum salaam. Ndicho hicho. Ni Haji, bibie. Lilitoka Kiarabu, likapita Kituruki, likaingia kwa Wakristo waliokuwa chini ya Waosmani, yaani dola ya Waturuki. Mkristo akienda kuhiji Jerusalem na kuzamishwa mto Yordani, akirudi kijijini ni Hatzi fulani, na heshima inabaki kwa watoto wake vizazi na vizazi. Hatzigeorgiou ni "wa Haji Georgios". Herufi ya kwanza kwao ni X inayosomwa kama kh ya kwenu ya Kiarabu, ndiyo maana kwa herufi zetu kila mtu anaiandika anavyoona.

Sharifa wa Mji Mkongwe

Subhanallah. Haji Joji!

Basi na mimi niwalipe, maana biashara ya majina ilikuwa ya kwenda na kurudi. Iskandari ni Alexandros. Waarabu walisikia "Al" ya mwanzo wakadhani ni al yao ya kawaida, wakaitenga, kisha k na s zikapishana. Almasi, ambalo kwetu ni jito na ni jina la mtu, kwa Kiarabu ni almas, na lilianzia kwenye adamas la Kigiriki, kitu kisichovunjika. Humohumo ndimo wanamotoa Adamantios, kwa hiyo Mzee Almasi na Mgiriki Adamantios ni wajina.

Ninalolipenda zaidi ni yakuti. Hilo nalo Waarabu walilipata, kwa kupitia lugha za jirani, kutoka hyakinthos la Kigiriki, lililokuwa jina la ua na la jito. Sasa dada zetu wa Kikatoliki wanaoitwa Yasinta, jina lao ni hyakinthos hilohilo lililopita Ulaya. Yakuti na Yasinta ni ndugu wa tumbo moja waliopanda majahazi tofauti.

Ila Sofia na Safia msizichanganye, watu wanazichanganya kila siku. Safia ni Kiarabu, ni usafi na kuteuliwa. Sofia ni hekima yake baharia.

Mlokole wa Mbeya

Nimesoma mpaka hapa kwa masikitiko. Mmegundua lakini kwamba mengi ya majina haya ni ya MIUNGU? Dimitris ni wa Demeter. Isidori ni zawadi ya Isis, mungu wa kike wa Misri. Na sisi tunabatiza watoto kwa majina hayo bila kuuliza.

Mtumishi wa Riruta

Nimerudi (la mtawa bado naliombea). Ndugu Mlokole, ufuatiliaji wako ni sahihi. Sasa soma Agano Jipya kwa macho hayohayo. Apolo, mwalimu wa Korintho, ana jina la mungu Apollo. Epafrodito, ambaye Paulo anamwita ndugu yake na mtenda kazi pamoja naye, ni wa Aphrodite, mungu wa mapenzi. Foibe, ambaye Paulo anamtambulisha kwa Warumi, ana jina la mungu wa kike wa kale wa Wagiriki, maana yake angavu. Paulo hakumbadilisha hata mmoja. Jina likishabebwa na mtu mwema linaoshwa na yeye aliyelibeba. Dimitrios leo Mgiriki akilisikia anamwona mtakatifu wa Thessaloniki, sherehe yake Oktoba 26, si mungu wa mavuno.

Kwa jirani zetu Uganda, Apolo limebebwa na Kivebulaya mhubiri, na Kaggwa waziri mkuu wa Buganda, na Obote. Sioni aliyemwabudu Apollo.

Mlokole wa Mbeya

Sawa, nimekuelewa upande huo. Na Denis?

Baharia wa Pongwe

Dionysios: wa Dionysos, mungu wa mvinyo na ulevi. Lakini yumo Dionisio Mwareopago, Matendo 17, aliyeamini pale Athens. Kwa nini unauliza?

Mlokole wa Mbeya

Nauliza tu.

Mkao wa Kula

Denis karibu sana jukwaani 😂

Mwana wa Murang'a

Baharia niaje. Swali langu ni la nyumbani. Ni ukweli Wagiriki mtoto wa kwanza lazima apewe jina la babu? Kwa maana sisi Wakikuyu ndivyo ilivyo: kijana wa kwanza ni babu upande wa baba, wa pili babu upande wa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa nyanya zao. Niliambia mtu kazini akasema hiyo ni yetu pekee.

Baharia wa Pongwe

Mwambie aje huku melini. Ni mpangilio wenu kabisa, japo kisiwa hadi kisiwa unabadilika kidogo, na ni wa tangu enzi za kale. Baba wa Perikles ni Xanthippos, na mtoto wa Perikles tena ni Xanthippos. Ndiyo maana ukoo mmoja wa Kigiriki ukikutana Pasaka, ukiita "Giorgo!" wanageuka watano, binamu wote wenye jina la babu mmoja.

Na ugomvi wake ni wa zamani vilevile. Aristophanes, mwaka 423 kabla ya Kristo, aliweka jukwaani mzee wa shamba aliyeoa binti wa mjini wa ukoo mkubwa. Mtoto akazaliwa. Mama anataka jina lenye farasi ndani, kwa sababu farasi ni utajiri: Xanthippos, Charippos, namna hiyo. Baba anataka Pheidonides, jina la babu yake, ambalo ndani yake kuna ubahili. Wakazozana mpaka wakakubaliana Pheidippides. Yaani Bahili-wa-Farasi. Mtoto akakua akawa mpenda mbio za farasi, akamfilisi baba.

Kuhusu mpangilio wa jina zima, Mwafrika Mashariki hana haja ya kufundishwa. Mwathene wa kale alikuwa na jina lake, jina la baba, na mtaa wake. Kwenye vigae walivyotumia kupigia kura ya kumfukuza mtu mjini, vimefukuliwa vimeandikwa Themistokles wa Neokles, wa Phrearrhioi. Ni bin wa kina Sharifa na kijiji juu yake. Mpaka leo jina la baba linakaa katikati. Yule tajiri wa meli Aristotelis Sokratis Onassis, watu hudhani wazazi wake walipenda falsafa kupita kiasi. Hapana, baba yake aliitwa Sokratis, basi.

Mama Vero wa Moshi

Na mwanamke wa Kigiriki akiolewa?

Baharia wa Pongwe

Abaki na jina lake, mama. Sheria tangu 1983 inasema mwanamke anabaki na jina la ukoo alilozaliwa nalo maisha yake yote. Ila jina lenyewe linageuka kidogo kumfuata yeye. Kaka ni Papadopoulos, dada ni Papadopoulou. Hiyo -ou ni kama "wa" yetu: wa Papadopoulos. Ndiyo maana Melina Mercouri, yule mwigizaji aliyekuja kuwa waziri wa utamaduni, hana s mwishoni ingawa ukoo ni Merkouris. Ofisi za uhamiaji nchi nyingine zinahangaika sana na hili, baba na binti wanaonekana si ndugu.

Wasaiprasi wanayo -ou hata kwa wanaume: Georgiou, Ioannou, Nikolaou. Huko zamani jina la ukoo lilikuwa ni jina la baba tu, linabadilika kila kizazi.

Sharifa wa Mji Mkongwe

Georgiou! Yusuf Islam, yule wa kaswida za Kiingereza, kabla ya kusilimu alikuwa Cat Stevens, na kabla ya hapo Steven Demetre Georgiou, baba yake Msaiprasi. Kwa hesabu ya baharia basi alitoka kwa Mkulima akaenda kwa Yusuf.

Gunner_Temeke

Rudini kwenye mpira. Mimi Ugiriki naijua kwa Euro 2004 tu. Ninaweza kujua mchezaji katoka mkoa gani kwa jina?

Baharia wa Pongwe

Unaweza kubahatisha, halafu utakosea, nitakuonyesha.

Mkia wa -akis ni wa Krete. Unadogosha kitu, kama ka- yetu: Theodorakis ni "kaTheodoros". Wakrete watakusimulia kwamba Waturuki waliwabandika huo mkia kuwadharau. Ni hadithi tamu, lakini kudogosha kwa -aki ni Kigiriki chao wenyewe, na wanawaita hivyo hata watoto wao. -idis na -iadis hupatikana sana kwa waliotoka Ponto na Asia Ndogo, ni mkia wa kale wa "mwana wa". -oglou ni wa hukohuko lakini kwa Kituruki, muulize Postecoglou, yule kocha. -akos na -eas ni Mani, kusini kabisa mwa Peloponnese, -atos ni kisiwa cha Kefalonia, na nahodha wangu ni wa huko; ukikosea ukamwita kwa -akis siku hiyo chakula hakishuki.

Sasa kikosi chako. Nikolaidis, Georgiadis: mwana wa Nikolaos, mwana wa Georgios. Giannakopoulos ana mikia miwili, mtoto wa kaGiannis. Chalkias, kipa wa akiba, ni mhunzi. Karagounis ana kara, nyeusi kwa Kituruki, na gouna, joho la manyoya. Mpaka hapo safi. Nahodha wa timu je? Zagorakis. Unasema Krete. Amezaliwa Kavala, kaskazini kabisa. Na Charisteas aliyefunga goli la fainali dhidi ya Ureno ana -eas ya Mani, naye ni mtu wa Serres, kaskazini vilevile. Mkia ni fununu tu.

Majina ya kazi ndiyo yananifurahisha zaidi. Raftis ni fundi cherehani, Mylonas ni wa kinu cha kusaga, Psaras ni mvuvi, Samaras ni mshona matandiko ya punda, na mmoja aliwahi kuwa waziri mkuu. Jina la mwandishi Kazantzakis ni la Kituruki kwa mwili na la Krete kwa mkia: kazanci ni fundi wa masufuria makubwa, halafu -akis. Kisha ya utani. Makrygiannis, jenerali wa vita vya uhuru vya 1821, ni Giannis Mrefu. Kontogiannis ni Giannis Mfupi. Deligiannis ni Giannis Kichaa.

Mkao wa Kula

Mbona kila kitu ni Giannis?

Baharia wa Pongwe

Wenyewe wanasema nyumba isiyo na Giannis haistawi. Halafu hao hao wanasema akina Giannis arobaini na watano, akili ya jogoo mmoja. Giannis ni Ioannis, Yohana wetu.

Kila mahali pana mtakatifu wake aliyejaza majina. Corfu ni Spyros, kwa sababu mwili wa Mtakatifu Spyridon uko pale. Kuna safari tulikuwa na akina Spyros watatu, wote wa kisiwa hicho: Spyros wa injini, Spyros wa jikoni na Spyros wa Madeni. Kefalonia ni Gerasimos, ambaye kwa kifupi anaitwa Makis, na hapo usiniulize herufi zilivyosafiri. Kostas ni Konstantinos, Manolis ni Emanueli, Vangelis ni Evangelos yaani habari njema, Thanasis ni Athanasios, asiyekufa.

Na ukimwita mtu, s inadondoka. Petros ukimwita ni Petro! Pavlos ni Pavlo! Marefu yanaishia na e: Alexandre! Mimi kutwa nzima naitwa Onisime.

Mtu wa Katanga

Bandugu, miye niko Lubumbashi, huku Wagiriki tuliishi nao. Watu wanasema Moïse Katumbi baba yake alikuwa Mgiriki. Aliitwa Soriano. Hiyo iko na maana gani?

Baharia wa Pongwe

Karibu ndugu. Baba alitoka kisiwa cha Rhodes, ndiyo, lakini jina si la Kigiriki. Alikuwa Myahudi wa wale ambao wazee wao walifukuzwa Hispania 1492 wakatawanyika nchi za Waosmani na majina yao. Soria ni mji wa Hispania. Soriano ni mtu wa Soria.

Gunner_Temeke

Basi na la Giannis Antetokounmpo, yule wa mpira wa kikapu. Hilo ndilo jina refu la Kigiriki kuliko yote.

Baharia wa Pongwe

Nilikuwa nalisubiri. Hilo ni la Kiyoruba, ndugu yangu! Adetokunbo: taji limerudi kutoka ng'ambo ya bahari. Wazazi ni Wanigeria, yeye kazaliwa Athens, Desemba 6, 1994. Herufi za Kigiriki za leo hazina d wala b zenye sauti yetu. Wakitaka d wanaandika n na t, wakitaka b wanaandika m na p, na u wanaandika o na u. Halafu alipopata uraia 2013, wakalirudisha jina kwenye herufi za Kilatini moja baada ya nyingine bila kuuliza lilivyotoka. Adetokunbo likaingia, Antetokounmpo likatoka.

Sasa tazama. Jina la kwanza, Giannis, ni Yohana, Kiebrania. La pili Kiyoruba. Mgiriki anayejulikana zaidi duniani leo hana hata silabi moja yenye asili ya Kigiriki. Na ade, taji, Kigiriki chake ni stephanos. Angekuwa Kilimanjaro tungemwita Stefano tu mambo yakaisha.

Mama Vero wa Moshi

Nitajie ya haraka ya kwetu, kesho nina kikao cha jumuiya nataka kuwashangaza.

Baharia wa Pongwe

Agatha, mwema. Agnesi, safi. Margareta, lulu. Anastazia, ufufuko. Melania, mweusi. Dorkasi ni paa, yule mnyama, na Tabitha ni neno hilohilo kwa Kiaramu. Timotheo, anayemheshimu Mungu. Polikarpo, mwenye matunda mengi. Kristofa, aliyembeba Kristo. Erasto ni mpendwa, na huyo tunaye wetu: Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba aliyeona 1963 maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa. Eutiko ni Bahati. Ndiye aliyesinzia dirishani Paulo akihubiri, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Barbara ni mgeni asiyejua Kigiriki, anayesikika bar-bar-bar. Barbara wa melini ni mimi.

Mama Vero wa Moshi

Katibu wetu ni Barbara. Hilo nitaliacha.

Mtumishi wa Riruta

Baharia, siku ya jina lako unaijua? Kwetu Mtume Onisimo ni Februari 15.

Baharia wa Pongwe

Naijua kwa gharama. Kwa Wagiriki siku ya mtakatifu wako ni kubwa kuliko siku ya kuzaliwa. Mwaka wa kwanza nahodha alinishika mkono asubuhi, "Chronia polla, Onisime," miaka mingi, na wote wakaja wakanipongeza. Nikakaa nikisubiri zawadi. Saa sita, saa nane, kimya. Spyros wa jikoni ndiye aliyenihurumia: mwenye siku ndiye anayekirimu wenzake. Watu ishirini na mmoja walikuwa wananisubiri mimi. Nikaomba unga, nikaingia jikoni, nikakaanga mandazi mpaka jua linazama. Nahodha alikula manne.

Mkao wa Kula

Ya iliki au ya nazi?

Baharia wa Pongwe

Ya nazi. Nazi ya kopo, lakini.